Mama Mjamzito Anavuka Wapi? Komoro, Shelisheli na Sisi wa Kusini

Shikamooni wazee wangu. Waheshimiwa madiwani wa hapa Mtwara, wageni wetu mliotoka Lindi tangu alfajiri, na nyinyi wanafunzi wa uuguzi mliojaa kule nyuma, asanteni sana kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya maendeleo ya nchi ndogo. Mimi si mchumi. Nimekuwa mkunga kwa miaka thelathini na miwili, na mkunga ana namna yake ya kuipima nchi. Anauliza: uchungu ukimshika mwanamke usiku na mambo yakaharibika, anavuka wapi mpaka amfikie mtu wa kumsaidia?

Swali hilo nililipata kando ya Mto Rufiji, masika ya mwaka 1998. Nilikuwa nasindikiza rufaa kwenda Dar es Salaam, mama wa miaka kama ishirini na minne. Kifafa cha mimba kilimpata, mtoto tukampoteza, na figo za mama zikaanza kugoma. Wakati ule daraja hakuna. Tulifika kivukoni mto umefura, pantoni limefungwa kamba, na wenye pantoni wakasema hawathubutu. Tulilala hapo usiku wa kwanza. Dripu niliitundika kwenye tawi la mwembe. Usiku wa pili, kabla ya adhana ya alfajiri, yule mama alikata roho juu ya makintoshi niliyomtandikia nyuma ya gari, na mto tunausikia mbele yetu unavyonguruma. Mume wake hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Nesi, ng'ambo ni umbali gani?" Ng'ambo tulikuwa tunaiona.

Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kila mkisikia mtu anasema daraja ni siasa, mkumbukeni mama yule.

Sasa nije kwa nchi mbili nilizopewa. Ni za visiwa, zote ziko katika bahari hii hii tunayovua: Komoro na Shelisheli. Komoro ni jirani kuliko tunavyodhani. Kutoka hapa mpaka Moroni, mji mkuu wao, ukipiga mstari juu ya bahari, ni kilomita 370 hivi. Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya 550. Mwaka 2017 nilipokwenda kwenye harusi ya ukweni kwa mdogo wangu, nilipanda basi mchana kutwa kwenda kaskazini, nikalala Dar, kisha ndege ikanirudisha kusini mpaka Hahaya, uwanja wa ndege wa Moroni. Nilikuwa nimezunguka dunia ili nifike kwa jirani.

Na ni ndugu. Siku ya kwanza pale Moroni nilimpa kijana mmoja maji ya kunywa, akainamisha kichwa akaniambia, "Marahaba." Nilishtuka. Kwetu marahaba husema mkubwa akishaamkiwa, na huyu alikuwa mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Kumbe kwao marahaba ni asante. Lugha yao na yetu ni mtu na mdogo wake. Tena Wangazija, watu wa kisiwa kikuu cha Komoro, kama Wamakonde, Wamwera na Wamakua, huhesabu ukoo kwa mama. Kuna ardhi na nyumba wanazoziita manyahuli, zinapita kwa wanawake, mama hadi binti. Nilipowaeleza kwamba na kwetu mjomba ana neno kubwa, wazee waliokaa bangweni, uwanja wao wa mikutano, walicheka kwa furaha, wakanisogezea kiti.

Lakini tazameni hesabu. Komoro ina visiwa vitatu chini ya serikali yake: Ngazija, Nzwani na Mwali. Eneo lake ni kilomita za mraba 1,861, na watu wanaelekea laki nane na nusu. Shelisheli ina visiwa 115, lakini ukiviunganisha vyote nchi kavu haifiki kilomita za mraba 460, karibu sawa na Mafia. Watu wake ni laki moja na ushei. Yaani taifa zima, lenye rais, bunge na kiti Umoja wa Mataifa, linalingana na Manispaa hii ya Mtwara ilivyohesabiwa mwaka 2012. Komoro walipata uhuru tarehe 6 Julai 1975. Shelisheli walipata tarehe 29 Juni 1976. Hawakupishana hata mwaka. Leo pato la mtu mmoja kwa mwaka Shelisheli ni zaidi ya dola 15,000, na Komoro ni kama dola 1,500. Nasi Watanzania tuko chini kidogo ya hao Wakomoro, kwa hiyo asitokee mtu hapa wa kuwaonea huruma kutoka juu.

Imekuwaje? Wengi hujibu haraka: utalii. Nchi ndogo, fukwe nzuri, Wazungu wanakuja, fedha inaingia. Utalii upo, kweli. Uwanja wa ndege wa Mahé, kisiwa chao kikuu, ulianza kazi mwaka 1971, kabla hata ya uhuru, na uliifungua nchi. Lakini Komoro nao wana fukwe, wana mlima wa moto Karthala unaopanda mita 2,361, wana karafuu na lavani, na mafuta ya mlangilangi yanayotiwa kwenye manukato ya bei kali duniani. Mali ya kuanzia haikukosekana.

Mimi naona jibu liko kwenye kitu ambacho sisi wauguzi tunakijua vizuri: zamu. Mgonjwa haponi kwa sababu daktari mmoja ni hodari. Anapona kwa sababu zamu ya usiku imekuta maandishi ya zamu ya mchana, ikaendelea pale pale. Komoro ilinyimwa hicho. Uhuru haukumaliza hata mwezi mmoja. Agosti 1975 rais wa kwanza, Ahmed Abdallah, akapinduliwa. Akaja Ali Soilih, mtu mwenye fikra nyingi, lakini mwaka 1977 aliwafukuza kazi watumishi wa serikali na nyaraka za serikali zikachomwa moto. Hebu fikirieni hospitali inayochoma mafaili ya wagonjwa wake. Mei 1978 mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, akatua usiku na watu wake, wakamwondoa Soilih, na kabla mwezi haujaisha akauawa. Abdallah akarudishwa, na kwa miaka kumi na moja kikosi cha walinzi wa rais kikawa mikononi mwa mamluki wale, mpaka Novemba 1989 Abdallah naye akauawa. Mwaka 1995 Denard akarudi tena. Mwaka 1997 Nzwani ikajitangaza kujitenga, na miongoni mwa mambo yaliyowachosha watu ni mishahara isiyolipwa miezi na miezi. Ukihesabu mapinduzi na majaribio yake, yanapita 20. Kila zamu iliingia ikakuta faili tupu.

Na kisiwa cha nne, Maore? Kura ya Desemba 1974 visiwa vitatu vilitaka uhuru, Maore wengi wakakataa, Ufaransa ikabaki nacho. Tangu mwaka 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Hapa ndipo swali langu la mkunga linapouma.

Nilivuka mpaka Nzwani, nikafikia Mutsamudu kwa jirani wa mawifi zetu. Mama mtu mzima, mkarimu, alinipikia mhogo wa nazi na samaki. Nyumba yake ya zege ilikuwa chini imekwisha, juu nondo zimesimama zinaliwa na kutu, zinasubiri ghorofa ambayo mwanawe wa Ufaransa ataimalizia. Baada ya kula akaniletea simu, akanionyesha picha ya mtoto mchanga amefungwa shuka jeupe la hospitali. Mjukuu wake. Binti yake alipanda kwasa-kwasa, boti ndogo ya faiba, mimba ikiwa ya miezi minane, usiku, kilomita 70 za bahari wazi mpaka Maore, ili azalie hospitali ya Mamoudzou. Nikamuuliza, hukuogopa? Akasema, "Niliogopa huku na niliogopa kule. Kule wanakupokea kwanza, karatasi wanauliza baadaye."

Tangu Ufaransa ilipoweka viza mwaka 1995, safari hiyo ni haramu. Taarifa ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria kwamba kati ya watu 7,000 na 10,000 walikufa katika mlango ule wa bahari tangu viza ianze. Na bado wodi ya wazazi ya Mamoudzou inapokea maelfu ya watoto kwa mwaka, wengi wao mama zao wametoka visiwa vile vitatu. Sijui kipimo kingine cha hali ya maisha kinachosema wazi kuliko hicho. Mwanamke amepiga hesabu ya bahari na hesabu ya hospitali ya kwao, akachagua bahari.

Niliingia pia kwenye hospitali moja kule, siitaji. Wakunga wenzangu walikuwa watu wa kazi, mikono yao ilionyesha. Lakini ndugu wa mgonjwa alikuwa na karatasi mkononi: glovu, uzi, dripu, sindano. Anakwenda duka la dawa kununua kwanza, ndipo mgonjwa ahudumiwe. Wanafunzi wangu, msijichekee moyoni. Nimefanya kazi miaka ambayo na sisi tulimwambia mama aje na glovu, wembe, pamba, beseni na makintoshi yake. Huyo asiye na kitu alikuwa anakaa nyumbani mpaka achelewe.

Watu wengine, hata Wakomoro wenyewe, hulaumu ile harusi kubwa, ada. Mkomoro anayeishi Marseille, Ufaransa, anachanga miaka, analeta dhahabu, analisha mji. Ni kweli fedha inayotumwa na walio nje inakaribia sehemu moja kwa tano ya pato la nchi, na nyingi inaishia kwenye ada na kwenye zege. Mimi nilikaa kwenye ada ile siku nne, na sikuona upuuzi. Niliona nyumba imejengwa, ikawa ya binti, hakuna mume atakayemtoa humo. Serikali ilipokuwa inaanguka kila baada ya miaka michache, ada ndiyo taasisi iliyosimama; mtu aliweka akiba yake mahali ambapo mamluki hawafiki. Pale ambapo fedha ya umma ilipatikana kwa wingi, ndipo mambo yalipoharibika kweli. Mwaka 2008 ilipitishwa sheria ya kuuza uraia wa nchi kwa watu wasio na utaifa walioko nchi za Ghuba, kwa ahadi ya barabara na majengo. Miaka kumi baadaye bunge lao linachunguza fedha imekwenda wapi.

Sasa twende Shelisheli. Huko sijafika mwenyewe. Mpwa wangu ni fundi umeme kisiwa cha Praslin, ameoa huko, na simu yake ya Jumapili ndiyo dirisha langu. Mkewe alipokuwa mja mzito, kliniki ya Praslin ilimwambia atangulie Mahé wiki mbili kabla ya tarehe, kwa sababu akina mama karibu wote huzalia hospitali kubwa ya Victoria, mji mkuu. Alipanda kivuko, kama saa moja hivi. Akajifungua kwa upasuaji. Mpwa wangu alitia mkono mfukoni kulipa, wakamwambia hakuna cha kulipa. Alinipigia anacheka na kulia pamoja. "Mama mdogo, hata glovu hawakuniuliza." Katiba yao ya mwaka 1993 inaitaja haki hiyo, matibabu ya msingi bure katika vituo vya serikali.

Lakini nao walionja bunduki, na hapa nataka Watanzania tusikilize maana tumo. Juni 1977, hata mwaka wa uhuru haujatimia, Rais James Mancham yuko London kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Waziri Mkuu wake, France-Albert René, akachukua nchi. Novemba 1981 mamluki wa Mike Hoare wakatua uwanja wa ndege wa Mahé wamejifanya watalii, bunduki zimefichwa chini ya mabegi. Silaha ikaonekana forodhani, mapigano yakazuka, wakateka ndege ya Air India wakakimbilia Durban. Miaka hiyo askari wa Tanzania walikuwa Shelisheli kuilinda serikali ile. Na Machi 2008 askari wetu, pamoja na wa Sudan, walikwenda Nzwani chini ya Umoja wa Afrika kumwondoa Mohamed Bacar, rais wa kisiwa aliyeng'ang'ania madaraka. Vijana wetu wamevuka bahari hii mara mbili kwa ajili ya majirani hawa. Denard alifaulu mwaka 1978 na Hoare akashindwa mwaka 1981, na kwa maoni yangu nusu ya tofauti ya nchi hizi inatokana na usiku huo mmoja na mwingine.

Baada ya hapo zamu ya Shelisheli haikukatika. René alitawala mpaka mwaka 2004, akajenga shule, zahanati na nyumba za watu wa chini. Krioli, lugha ya nyumbani iliyodharauliwa, ikaingia darasani kuanzia darasa la kwanza. Kiwanda cha kusindika jodari pale Victoria ni miongoni mwa vikubwa duniani. Mwaka 2020 rais aliyeshindwa aliondoka, mpinzani Wavel Ramkalawan akaingia, na mwaka 2025 yeye naye akashindwa akaondoka. Hakuna risasi.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa bure. Kuanzia mwaka 1979 kulikuwa na chama kimoja kwa sheria. Watu walitoweka, wengine walinyang'anywa nyumba wakaishi ugenini, na mpinzani Gérard Hoareau alipigwa risasi akafa London mwaka 1985. Ilibidi mwaka 2018 waunde Tume ya Ukweli, Maridhiano na Umoja wa Taifa, ndipo watu waliokwishazeeka wakasimama kusema waliyofanyiwa. Akitokea mtu akasema zahanati ile ilihitaji dhuluma ile, mimi namkatalia. Glovu haihitaji mtu apotee.

Na leo wana majeraha yao. Chakula kingi kinaletwa kwa meli, bei ni kali. Mpwa wangu anatamani kisamvu kama dawa. Mwaka 2008 serikali ilishindwa kulipa deni la nje, rupia ikaporomoka. Walijikwamua kwa akili: sehemu ya deni walibadilishana na ahadi ya kuhifadhi bahari, na mwaka 2018 wakatoa hati fungani ya buluu, yaani mkopo wa kugharamia uhifadhi wa bahari na uvuvi, ya dola milioni 15, ya kwanza duniani kutolewa na serikali. Linaloniumiza ni heroini. Serikali yao wenyewe imekadiria watumiaji kati ya 5,000 na 6,000, katika watu laki moja. Mpwa wangu kwenye kazi yake ya awali walikuwa mafundi wanane, wawili amewazika. Nchi imefikisha kila mama hospitalini salama, halafu mtoto yule yule anapotea akiwa na miaka ishirini. Hilo sina jibu lake, na sitaki kulifunika kwa dola 15,000.

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, mnaweza kuniuliza inatuhusu nini. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipokuja, shule zilifungwa hapa, tukahamisha wagonjwa kutoka vitanda vya dirishani, tukasubiri. Kilipita Ngazija usiku kikavunja nyumba na migomba, kikaenda kuingia Cabo Delgado. Sisi kikatupitia pembeni. Mei 2024 Hidaya haikutukosa vile: mvua yake ilikata barabara kule Somanga, na kwa siku kadhaa tukawa kisiwa. Nilipoona picha za mabasi yamesimama foleni, nilirudi kando ya Rufiji ya mwaka 1998.

Tumepiga hatua, wallahi. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai laki moja, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 104. Kila namba katika hizo ni mtu kama yule wa makintoshi. Tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mitengo, rufaa nyingi hazilazimiki tena kulala njiani. Lakini mama wa Liwale bado anasafiri barabara ya vumbi ambayo masika inageuka tope, na mwanamke wa uwanda wa Newala na Tandahimba bado anajua bei ya ndoo ya maji, kama mwanamke wa Ngazija, ambako hakuna mto, anavyolinda birika lake la mvua.

Wakati huo huo gesi inatoka Msimbati na Songo Songo, na halmashauri za Mtwara na Kilwa zinapata ushuru wa huduma. Korosho ikiuzwa, ushuru wa mazao unaingia. Msimu ukifika naona pikipiki mpya, naona ngoma za unyago zikipigwa mpaka asubuhi, na siwalaumu, kama nisivyoilaumu ada. Fedha ya mtu ni yake. Ninayoiulizia ni ile iliyoingia halmashauri, na kama diwani wa zamu hii amelikuta faili la diwani wa zamu iliyopita.

Ndiyo maana swali la kwanza leo naomba niulize mimi, kabla ya wanafunzi. Liko kwa waheshimiwa waliokaa mstari wa mbele, mmoja mmoja. Kijiji cha mbali kabisa katika kata yako kinaitwa nani, mama wa pale uchungu ukimshika saa nane ya usiku anabebwa na nini, na anavuka wapi? Kipaza sauti anacho yule kijana wa shati la bluu. Mimi nimekaa, nasikiliza.